Kuosha Mayai kwa Vifaa vya Nyumbani

Mwenye kalamu na karatasi aviweke karibu, maana leo kuna vipimo viwili vitatu vya kuandika.

Leo tutazungumza juu ya kuosha mayai. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, hilo nalo ni somo? Nani asiyejua kuosha yai?" Mimi nami nilifikiri hivyo hivyo, mpaka nilipofundishwa na mama mmoja mfugaji. Na alinifundisha kwa hasara yake mwenyewe.

Mama huyo anafuga kuku wa mayai katika mkoa wa Morogoro, kuku mia moja hivi. Nilimtembelea wakati wa masika. Banda lilikuwa limeloa, na mayai yake yalikuwa yamepakaa tope na kinyesi. Nikamwambia, "Mama, mayai ya namna hii hayauziki. Yasafishe." Basi, nikapanda pikipiki yangu nikaenda zangu. Sikumwambia ayasafishe kwa namna gani.

Mama wa watu alitii. Jioni ile alichota maji ya kisimani, akajaza karai, akatia mayai ya trei tano. Akayaacha yalowe wakati yeye anasonga ugali. Baada ya kula, watoto wakayasugua yote kwa kitambaa kimoja. Yakatoka meupe, yanang'aa. Mwenye mgahawa mmoja akayapenda, akayanunua yote siku ya pili yake.

Wiki haikuisha, mwenye mgahawa akarudi na trei zake. Mayai mengi yalikuwa yamegeuka viza. Mengine yalipopasuliwa, ute wake ulikuwa na rangi ya kijani. Alitaka fedha yake, na mama akairudisha. Fedha ile ndiyo aliyokuwa ameiweka ya kununulia chakula cha kuku. Nilipokwenda tena kumwona, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si wewe uliyeniambia niyasafishe?"

Sikuwa na jibu, ndugu zangu. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa nusu ya ushauri, na nusu ya ushauri yaweza kuwa mbaya kuliko kukaa kimya. Leo nataka kuutoa ushauri ule mzima.

Kwanza tulijue yai lenyewe. Ganda la yai unaliona gumu, lakini si ukuta usiopitisha kitu. Lina vitundu vidogo sana, maelfu kwa maelfu, ambavyo macho hayavioni. Kupitia vitundu hivyo kifaranga aliye ndani huvuta hewa. Ukitaka kuhakikisha, chukua yai bichi, liweke ndani ya maji ya moto. Utaona vipovu vidogo vikitoka, hasa upande wa kitako kinene. Hiyo ni hewa ya ndani inatoka nje kupitia ganda.

Sasa, mahali hewa inapotoka, uchafu nao waweza kuingia. Kwa hiyo kuku amepewa namna ya kulilinda yai lake. Yai linapotoka huwa na unyevu juu yake, na unyevu huo hukauka baada ya dakika chache ukawa utando mwembamba. Utando huo huziba vile vitundu. Ni kama nguo ya yai. Yai safi lenye nguo yake, likikaa mahali penye ubaridi, hudumu siku nyingi bila kuharibika. Ukiliosha yai, unalivua nguo. Ukilisugua kwa nguvu, unalivua zaidi.

Jambo la pili ni joto. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi za Sentigredi. Yai linatoka na joto hilo hilo, kisha linapoa. Likipoa, vilivyomo ndani husinyaa kidogo, na yai huvuta hewa kutoka nje. Ndiyo maana yai lina kile chumba cha hewa kwenye kitako kinene. Sasa ukichukua yai lenye joto ukalitumbukiza katika maji baridi, ni jambo lile lile linatokea, ila safari hii yai halivuti hewa. Linavuta maji. Na maji yenyewe ni yale ya karai, yaliyochanganyika na kinyesi cha mayai yote trei tano.

Hapo ndipo mama yule alipopata hasara. Maji yalikuwa baridi, mayai yakalowekwa kwa muda mrefu, na kitambaa kimoja kikachukua uchafu wa yai moja na kulipaka jingine. Kwa macho mayai yalikuwa safi, lakini ndani yalikuwa yamekwisha kupandwa vijidudu. Wala si suala la biashara peke yake. Katika kinyesi cha kuku mara nyingi hupatikana vijidudu viitwavyo salmonela, ambavyo huleta homa, kutapika na kuharisha. Kwa mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, ugonjwa huo waweza kuwa wa hatari.

Mtauliza, je, wenzetu huko nje wanafanyaje? Nao hawakubaliani. Huko Marekani mayai ya biashara huoshwa viwandani kwa mashine na maji ya moto, kisha huwekwa ndani ya majokofu, na hukaa kwenye baridi mpaka yamfikie mnunuzi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mayai ya daraja la kwanza kwa kawaida hayaruhusiwi kuoshwa. Wao wanasema, mfugaji na atunze viota vyake ili yai litoke safi na nguo yake. Sisi wengi wetu hatuna jokofu, na mayai yetu husafiri juu ya baiskeli na bodaboda kwenye jua. Kwa hiyo kwa mfugaji mdogo mpango wetu uwe huu: kwanza, tuzuie uchafu. Pili, yai lenye uchafu kidogo tulisafishe kavu. Tatu, tuoshe yale machache tu yaliyobaki, na tuyaoshe kwa kufuata kanuni.

Tuanze na kuzuia uchafu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiona mayai mengi ni machafu, usikimbilie maji. Nenda bandani ukatazame. Je, viota vinatosha? Kiota kimoja kiwe cha kuku wanne au watano, si zaidi. Kiwe na upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30 hivi, na kiwe mahali penye kivuli, kwa sababu kuku hupenda kutaga mahali penye giza kidogo. Ndani weka maranda makavu au nyasi kavu, na ubadilishe mara zinapochafuka. Je, kuku wanalala ndani ya viota? Basi watavichafua usiku kucha. Weka vichanja vya kulalia juu zaidi kuliko viota, na jioni ziba milango ya viota kwa gunia. Je, sakafu imeloa? Tafuta paa linapovuja, au chombo cha maji kinapomwagika. Kuku akikanyaga matope, kiota kitapata matope, na yai litapata matope.

Kisha okota mayai mara kwa mara. Kuku wengi hutaga asubuhi kabla ya saa sita. Kwa hiyo okota mara mbili asubuhi na mara moja alasiri. Yai linalokaa kiotani kutwa hukanyagwa, na likivunjika moja, ute wake huchafua matano mengine.

Ukiyafanya hayo, utashangaa jinsi mayai machafu yanavyopungua. Lakini hayataisha kabisa. Kuku ni kuku. Sasa tuyashughulikie hayo yaliyobaki.

Kifaa cha kwanza hakihitaji maji. Kinaitwa kibao cha msasa. Chukua kipande cha mbao kinachoenea kiganjani, ukizungushie msasa laini, ukigongomelee kwa misumari midogo upande wa nyuma. Yai lenye doa la kinyesi kikavu au tope kavu, lisugue pale penye doa tu, taratibu, mpaka doa litoke. Usisugue yai zima. Ukikosa msasa, dodoki kavu lafaa. Msasa ukijaa uchafu, ubadilishe. Kwa njia hii nguo ya yai inabaki karibu yote, na yai hilo laweza kuuzwa na mengine. Mayai mengi yenye uchafu huishia hapa na hayana haja ya kuoshwa.

Yanayobaki ni yale yaliyopakaa kinyesi kibichi, au ute wa yai lililovunjika. Hayo ndiyo ya kuoshwa. Na sasa tutengeneze vifaa.

Wengi wenu mnakijua kibuyu chirizi, kile cha kunawia mikono kando ya choo. Tunataka viwili vipya kwa ajili ya mayai tu. Chukua madumu mawili ya plastiki ya lita 5, yaliyowahi kuwekwa mafuta ya kula au maji. Dumu la mafuta ya taa au la dawa ya shamba usilitumie kabisa. Pasha msumari moto, toboa kitundu kimoja ubavuni, karibu na juu. Simamisha miti miwili yenye panda, laza fito juu yake, na kwenye fito hiyo tundika madumu yote mawili kwa mishikio yake. Funga kamba shingoni mwa kila dumu, na ncha ya pili ifunge kwenye kijiti kilicho chini. Ukikikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Faida yake ni kwamba mikono yote miwili inabaki na kazi ya yai, na maji yaliyokwisha kugusa yai moja hayarudi kwenye jingine. Chini ya kila dumu weka karai la kupokea maji machafu. Na kila dumu livalishe kipande cha gunia, ili maji yasipoe upesi.

Kifaa kingine ni meza ya kukaushia. Piga fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 60, uitandike wavu wa kuku ulionyooshwa vizuri, uiwekee miguu. Kata mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa uwe vipande virefu vyembamba, uvipitishe kwenye wavu kama mtu anayesuka mkeka, ili mayai yasigonge waya yakapata ufa. Meza iwe kivulini, mahali penye upepo, mbali na moshi na vumbi la banda. Hivyo ndivyo vifaa vyote. Gharama kubwa ni wavu na misumari.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa ndipo pa kuandika. Maji ya kuoshea lazima yawe na joto kuzidi yai. Joto zuri ni nyuzi 40 hadi 45. Najua hamna vipimajoto, kwa hiyo tutumie vipimo vya jikoni. Chemsha maji. Chukua lita moja ya maji yanayochemka, uchanganye na lita tatu za maji ya kawaida ya mtungini. Hapo utapata joto la nyuzi 44 hivi. Ninyi wa nyanda za juu zenye baridi, kama Njombe na Makete, maji yenu ya mtungini ni baridi zaidi, na hata maji yenu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ninyi changanyeni lita moja inayochemka na lita mbili za kawaida. Kisha tia mkono. Mkono usikie joto kamili, lakini uvumilie bila kuutoa. Ukishindwa kuvumilia, ni ya moto mno. Ukiyasikia vuguvugu tu, hayatoshi.

Maji yenyewe yawe safi, yale ambayo ungeweza kuyanywa. Maji mekundu yenye kutu hayafai, kwa sababu madini ya chuma yakiingia ndani ya yai huwasaidia vijidudu kuongezeka, na yai huoza upesi.

Dumu la kwanza litie maji hayo matupu. Sabuni si lazima, na sabuni yenye manukato ni mbaya, kwa kuwa yai hushika harufu. Dumu la pili ni la kusuuzia. Maji yake yawe na joto sawa na ya kwanza au yazidi kidogo, kamwe yasipungue. Humo tia dawa ya maji ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato. Soma maandishi ya chupa. Kama nguvu yake ni asilimia 3.5, tia kijiko kimoja cha chakula katika lita 5 za maji. Usizidishe kwa kudhani dawa nyingi ni usafi mwingi. Wala usiichanganye na dawa nyingine yoyote, maana yaweza kutoa hewa ya sumu. Chupa yake iwekwe mbali na watoto.

Haya, sasa tuoshe. Shika yai moja mkononi. Kanyaga kijiti, maji yachirizike juu ya yai, na papo hapo lisugue kwa dodoki lililolainika, pale penye uchafu. Usiliweke yai ndani ya maji. Likitakata, lipeleke chini ya dumu la pili, lizungushe mpaka lilowe lote, kisha liweke mezani. Kazi ya yai moja isizidi dakika moja. Maji yakianza kupoa, acha, changanya mengine. Usioshe zaidi ya trei moja kwa maji yale yale. Na mayai yaliyotoka kwenye jokofu au mahali pa baridi sana yaache kwanza yazoee joto la kawaida.

Yaache mayai yakauke kabisa juu ya wavu ndipo uyapange kwenye trei, kitako kinene kikiwa juu. Trei nayo iwe safi. Kuliweka yai lililooshwa kwenye trei yenye kinyesi ni sawa na kuoga na kuvaa nguo chafu. Usiyaanike juani, wala usiyafute kwa kitambaa kilichokwisha kutumika.

Ukimaliza, maji machafu yamwage kwenye shimo la mbolea, mbali na kisima. Chemsha dodoki, suuza madumu, nawa mikono kwa sabuni. Karai la kazi hii lisirudi jikoni kuoshea mboga.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu kazi haijaisha. Yai lililooshwa limevuliwa nguo, na haliwezi kungoja. Litie alama ndogo kwa penseli. Usilichanganye na yale ambayo hayakuoshwa. Likae mahali penye ubaridi, na kama una jokofu, liweke humo. Kama huna, liliwe au liuzwe kwanza, siku hiyo hiyo au ya pili yake. Na mnunuzi umweleze: "Haya yameoshwa, yatumie mapema, na yapikwe yaive." Wengine watahofu kwamba mnunuzi atakimbia. Hakimbii. Anayekimbia ni yule aliyeuziwa yai viza bila kuambiwa.

Yapo pia mayai yasiyooshwa kamwe. La kwanza ni yai lenye ufa. Hilo maji yataingia moja kwa moja. Likipata ufa mkononi mwako, lipikwe nyumbani siku hiyo hiyo, liive kabisa. Likiwa na ufa na kinyesi pamoja, litupe. La pili ni yai la kuatamiwa. Utando ule ndio ngao ya kifaranga, kwa hiyo chagua mayai safi ya kuwekea kuku, usiyaoshe. Na la tatu ni yai lililochafuka mno, ganda halionekani. Hilo hata ulioshe vipi, vijidudu vimekwisha kupata muda wa kuingia. Lifukie.

Ndugu wakulima, turudie kwa kifupi. Viota vikavu na vya kutosha. Okota mara tatu kwa siku. Doa kavu, kibao cha msasa. Uchafu mbichi, maji yenye joto kuzidi yai, yanayochirizika, bila kuloweka. Suuza, kausha, tia alama, uza kwanza.

Mama yule wa Morogoro nilirudi kwake tukatengeneza vibuyu chirizi na meza ya wavu pamoja, na wanawe wakasuka ule mpira wa baiskeli. Kabla ya hayo tulishinda kutwa nzima bandani, tukaziba paa, tukapandisha vichanja, tukaongeza viota. Nilipopita tena kwake, nilikuta meza ile ina mayai manne tu juu yake. Nikamwuliza, "Mama, mbona kifaa hukitumii?" Akacheka, akasema, "Mwanangu, siku hizi hayachafuki. Ningeoshea nini?"

Hilo ndilo jibu ambalo ningependa kulisikia kwa kila mmoja wenu. Kifaa kiwepo, lakini kazi yake iwe ndogo. Ukimaliza kusoma haya, usiende kutafuta dumu kwanza. Nenda bandani, uinamie viota vyako, utie mkono ndani. Kama maranda yameloa, anzia hapo.